Mikono Themanini ya Kushoto

Fundi Futi alikuwa mtu wa kupima. Futi yake ya kushonea haikutoka shingoni, iwe kazini, iwe msibani, na watu wa mtaa walisema hata akioga huitundika karibu aione. Alipima viuno, alipima milango, alipima hatua kutoka nyumbani mpaka kibandani kwake akakuta ni mia tatu na kumi na mbili, na siku zikitoka mia tatu na kumi na nne alijiuliza amekosea wapi. Kwa hiyo binti yake wa pekee alipoanza kushuka darasani, Fundi Futi hakuuliza kwa nini. Alichukua kalamu na rula ndefu, akapima siku.

Binti huyo alikuwa na miaka kumi na sita, na nyumbani aliitwa Profesa. Jina alipewa na baba yake akiwa na miaka mitano, siku aliyomwambia mteja mbele ya watu kwamba suruali yake ina mguu mmoja mfupi, na kweli ulikuwa mfupi. Shule ya msingi yote hakuwahi kutoka kwenye tano bora. Alitaka kuwa mhandisi wa madaraja, na si kwa maneno matupu. Chini ya kitanda chake kulikuwa na boksi la madaraja ya vijiti vya kibiriti na uzi wa baba, mengine yakibeba tofali zima bila kutikisika.

Alipoingia sekondari kwenye mchepuo wa sayansi, mambo yakaanza kwenda kombo. Muhula wa kwanza alikuwa wa tisa. Baba akachora ratiba kwenye karatasi ya patani, ile ya kuchorea vipande vya nguo kabla ya kukata, akaibandika ukutani juu ya meza ya kulia: kusoma kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa nne usiku, kulala, kuamka saa kumi alfajiri, kusoma tena. Muhula wa pili akawa wa kumi na tisa. Baba akafuta saa nne, akaandika saa sita. Muhula wa tatu akawa wa thelathini na moja kati ya wanafunzi arobaini na watatu. Mtu mwingine angesimama hapo ajikune kichwa. Fundi Futi alitafuta mahali pa kuongeza saa nyingine, na kwa kuwa usiku ulikuwa umebaki kiduchu, akachukua Jumapili.

Tusimlaumu sana. Nguo ikipwaya unapunguza, ikibana unaachia. Hiyo ndiyo elimu aliyokuwa nayo, na ilikuwa imeilisha familia miaka ishirini na saba.

Kisha ikaja barua. Iliandikwa na mwalimu wa darasa, ambaye pia alifundisha hesabu, na ambaye wanafunzi walimwita Bwana Nukta kwa sababu alikata alama hata kwa nukta iliyosahauliwa. Haikuwa na maneno mengi. Mwanafunzi ambaye mwisho wa muhula huu hatafikisha wastani wa sitini katika hesabu na sayansi ataondolewa kwenye mchepuo. Profesa alikuwa na arobaini na nne, na zilibaki wiki kumi.

Profesa aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaenda chumbani akalisukuma boksi la madaraja mpaka ukutani kabisa, mahali ambapo mkono haufiki. Mama yake alimwona. Mama huyu alifanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali, mtu asiyependa kubishana, na siku hiyo alijikaza.

"Baba Profesa, huyu mtoto amechoka."

"Atapumzika akishafaulu."

"Na kama hatafaulu kwa sababu amechoka?"

"Mke wangu, tusizungushe maneno," alisema Fundi Futi, na hapo maneno yakaishia.

Wiki ya tatu Profesa alianguka. Ilikuwa asubuhi, wanafunzi wamejipanga mstarini uwanjani, mwalimu wa zamu anatangaza habari ya usafi wa vyoo, na yeye akaenda chini mzima mzima, kidevu kikatangulia. Alishonwa nyuzi tatu zahanati. Fundi Futi alifika na mkewe, akitweta, akaichunguza ile mishono kwa jicho la kazi, akaona mmoja umekaa upande, lakini kwa heshima ya mahali akanyamaza.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya taratibu. Alipima damu, haikuwa na malaria. Alipima macho, yakawa mazima. Akamgeukia mgonjwa mwenyewe.

"Kichwa kinauma?"

"Kila siku."

"Chakula?"

"Sina hamu."

"Unalala saa ngapi, mwanangu?"

Profesa alimtazama baba yake. Baba akajibu kwa niaba yake, tena kwa kujivuna. "Saa sita kamili, daktari. Saa kumi kamili yuko mezani. Ratiba naisimamia mwenyewe."

Daktari aliweka kalamu chini. "Hizo ni saa nne tu, mzee."

"Zinamtosha. Si mtoto wa kudekezwa huyu."

"Hazimtoshi. Umri huu unataka saa nane mpaka kumi kila siku. Mwili bado unajengwa, na yale anayosoma mchana, ubongo unayapanga akiwa amelala. Ukimkatiza, anasoma lakini hayakai. Kichwa kuuma, kukosa hamu ya kula, kuanguka, vyote ninaviona vinaanzia hapo."

"Nimekuletea mtoto umtibu, daktari. Wewe unaniandikia usingizi."

"Ndiyo," alisema daktari, na kweli akaandika. "Ningekuwa na karatasi kubwa zaidi ningeandika kwa herufi kubwa zaidi."

Fundi Futi alitoka amefura. Njia nzima alimweleza mkewe kwamba watu wanasoma miaka saba chuo kikuu ili waje kuwaambia watu walale, na kwamba dawa hiyo hata paka anaijua. Mkewe alimshika binti mkono, akatembea.

Usiku ule akapata wazo, na wazo lenyewe ndilo lililomponza. Mpaka hapo, ukweli usemwe, yeye alikuwa akigonga mlango wa Profesa saa kumi, anasikia kiti kikivutwa, kisha anarudi kitandani kukoroma mpaka jua litoke. Sasa akajiambia kwamba lazima mtoto anasinzia pale mezani, ndiyo maana alama zinashuka. Kama ni uvivu atauona kwa macho yake. Akaamua kukaa naye, kulala anapolala na kuamka anapoamka, bega kwa bega, mpaka mtihani.

Siku ya nne alitia chumvi kwenye chai. Siku ya tisa alitoka nyumbani kwenda kazini, akahesabu hatua zake mia tatu na kumi na mbili, akajikuta anahangaika na funguo kwenye kufuli la duka la kuuza nyama. Siku ya kumi na moja alimfokea mteja wa miaka mingi kwa kosa la kuuliza habari za nyumbani. Na Profesa alikuwa hasinzii hata kidogo. Alikaa wima, macho mekundu, akigeuza kurasa, na mbele ya baba yake hakuthubutu hata kupiga miayo.

Siku ya kumi na tano alikata kitambaa cha kwaya.

Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote za mwaka huo: mashati arobaini ya kwaya ya watoto, ya kuvaliwa Jumamosi kwenye mashindano. Kitambaa kilikuwa kinang'aa upande mmoja na kufifia upande wa pili. Kila fundi anajua kitambaa cha namna hiyo ukikatia mikono unakilaza uso kwa uso, ili kila mkato utoe mkono wa kulia na wa kushoto kwa pamoja. Ukilaza tabaka zote uso juu, patani moja itakutolea mikono ya upande mmoja tu. Hilo hufundishwa wiki ya kwanza, na Fundi Futi mwenyewe alikuwa amewafundisha watu wanane.

Kesho yake asubuhi, mshonaji mwenzake kwenye mashine ya pili alianza kuunganisha. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, hodari wa matundu ya vifungo, na wote walimwita Bibi Vifungo. Alichukua shati la kwanza, akashona mkono mmoja. Akachukua mkono wa pili, akaugeuza, akaugeuza tena. Akavuta mwingine kutoka kwenye furushi. Kisha akazima mashine.

"Fundi," alisema, "hawa watoto wa kwaya wakoje?"

"Watoto tu, Bibi. Wakoje vipi?"

"Wana mikono ya kulia?"

Fundi Futi alicheka kidogo, akafikiri ni utani wake wa asubuhi. Bibi Vifungo hakucheka. Akamsogezea furushi. Fundi akatoa mkono mmoja, akautazama, akauweka kando. Akatoa wa pili. Alianza taratibu, akaishia kuchakura kwa mikono miwili, vipande vikiruka sakafuni. Ilikuwa mikono themanini, na yote themanini ilikuwa ya kushoto.

Alikaa chini juu ya lundo lile.

"Miaka ishirini na saba, Bibi," alisema. "Na nilikuwa macho. Naapa nilikata nikiwa macho kabisa."

"Macho yalikuwa wazi. Mwenyewe hukuwepo."

"Sijalala vizuri siku kumi na sita. Nakaa na Profesa, anajiandaa na mtihani."

Bibi Vifungo aliinama akaanza kuokota vipande, kimoja kimoja, kwa uzee wake. "Siku kumi na sita tu zimekusahaulisha mkono wa kulia," alisema. "Na yule mtoto ana muda gani hajalala?"

Fundi Futi alichukua chaki, na kwa kuwa kupima ndiko alikokujua, alipima juu ya meza ya kukatia. Saa ambazo mtoto alitakiwa kulala, akatoa saa alizolala. Akazidisha kwa siku za muhula wa pili, na za muhula wa tatu, na za muhula huu. Zikafika mia saba na ushee. Akazigawa kwa ishirini na nne ili apate siku, akapata mwezi mzima. Alikuwa amemnyima mwanawe usingizi wa mwezi mzima, mchana na usiku, na kila alipoona mtoto anapepesuka alimwongezea mzigo kidogo. Aibu ilimshika mpaka masikio yakamwaka moto.

Kwaya haikukosa nguo. Bibi Vifungo alitoa wazo la kuyaacha mashati bila mikono kabisa na kuyatia kola ya kusimama, wakashona siku mbili mfululizo, na Jumamosi watu wakasifu mtindo. Lakini Fundi Futi hakusubiri Jumamosi. Siku ile ile saa kumi jioni aliacha mkasi mezani, akaenda nyumbani.

Alimkuta Profesa peke yake, bado na sare ya shule, amelala juu ya daftari. Penseli ilikuwa ingali mkononi. Mwandiko ulianza vizuri juu ya ukurasa, ukaanza kuteremka, ukatoka kwenye mistari kama mshono wa mtu anayejifunza, mpaka ukaishia kwenye mchoro mrefu usiokuwa na maana. Baba alisimama akautazama. Kisha akanyanyua mikono, akaibandua ratiba ukutani, taratibu, lakini karatasi ya patani ina kelele zake.

Profesa aliruka. "Sijalala, Baba. Nilifumba macho tu."

Hakuna neno lililowahi kumchoma Fundi Futi kama hilo. Mtoto aliyekuwa akisahihisha wateja bila woga sasa alikuwa anaomba msamaha kwa kulala, na aliyemfundisha woga huo alikuwa yeye.

Profesa aliona ukuta mtupu. Akaitazama karatasi iliyokunjwa mkononi mwa baba yake. "Umenikatia tamaa?"

"Hapana, mwanangu. Nimekosea vipimo."

Akamweleza yote, ya mikono themanini, ya Bibi Vifungo, ya hesabu ya chaki. Akamwambia kuanzia leo atalala. Alitegemea mtoto ashangilie. Profesa akawaka.

"Zimebaki wiki tano! Nina arobaini na nne, wenzangu wanakesha, wewe unaniambia nilale? Baba, nikitolewa sayansi utaninunulia daraja?"

Kumbe alikuwa amemfunza vizuri mno. Ilibidi wote watatu warudi zahanati kesho yake, Fundi Futi akiwa mbele, mdogo kama pini. Daktari hakumsuta. Alimweleza Profesa mwenyewe, mtu mzima kwa mtu mzima, kwamba usingizi wa vijana huchelewa kuja jioni na huchelewa kuondoka asubuhi, huo ni mwili, si ukaidi. Kwamba asikimbilie kulala saa moja akabaki anatazama dari, ila achague saa ile ile ya kulala kila siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Simu ilale chumba kingine. Chai isinywewe jioni. Asubuhi akiamka atoke nje apate mwanga. Wakakubaliana saa tatu na nusu usiku mpaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Shule ilikuwa dakika kumi kwa miguu. Kusoma kungefanyika mchana, akitoka shule, akili ikiwa ingali na nguvu.

"Wiki mbili," alisema daktari. "Usijipime kabla ya wiki mbili."

Kumwambia Fundi Futi asipime ni kazi, lakini alipiga moyo konde. Nguvu zote alizotumia kumwamsha mtoto akazihamishia kwenye kumlinda asiamshwe. Mlango wa chumba ulipiga kelele, akautia vipande vya kitambaa pembeni mpaka ukafunga kimya. Geti la jirani lililia, akaenda na mafuta ya cherehani akalipaka bila kuombwa. Jirani mwingine alikuwa na redio iliyosikika mitaa miwili. Fundi Futi alimwendea jioni, akampangusia kiti, akamsalimia watoto mpaka wajukuu, ndipo akatoa shida yake.

"Yaani nizime redio kwa sababu mwanao analala?" aliuliza jirani.

"Usizime. Punguza tu, nitakushonea suruali."

"Mifuko mingapi?"

"Hata sita."

Redio ikapunguzwa.

Siku za mwanzo hazikuwa rahisi. Mwili wa Profesa ulikuwa umezoea mateso, usiku anageuka geuka, asubuhi anaamka amelewa usingizi kuliko zamani. Mwisho wa wiki ya pili ukaja mtihani mdogo wa hesabu. Akapata hamsini na moja. Fundi Futi alimwambia hongera kwa mdomo, lakini ndani alikuwa ameshaanza kuhesabu. Hamsini na moja si sitini, na zilibaki wiki tatu.

Alfajiri ile macho yake yalifunguka yenyewe. Saa kumi kamili. Alijikuta amesimama mbele ya mlango wa Profesa, mkono umeinuliwa, kidole kimekunjwa tayari kugonga. Kugonga mara moja tu. Saa mbili za ziada, labda na mazoezi ya maumbo. Kwa upande wa pili alisikia mtoto anapumua, pumzi ndefu, nzito, zinazofuatana, na akatambua kwamba hajazisikia hizo tangu Profesa yuko darasa la nne. Mkewe akatokea nyuma yake, hana hata kandambili.

"Rudi ulale, baba," alinong'ona. "Usiharibu."

Akaushusha mkono. Katika maisha yake alishawahi kubeba magunia na kusukuma gari lililokwama, lakini kitu kizito kuliko mkono ule hakukumbuka.

Wiki ya tatu kitu kikaanza kurudi nyumbani kwao, na hawakukijua jina mpaka walipokisikia. Profesa alikuwa anacheka. Alikuwa anakula, tena anaongeza. Kichwa kiliacha kuuma, kidevu kikapona, akaanza kubishana na mama yake kuhusu kila jambo kama mtoto wa umri wake anavyotakiwa. Jioni moja alipita kibandani akamkuta baba anapanga patani juu ya kitambaa cha suruali. Akatazama kidogo, akachukua vipande viwili akavigeuza juu chini.

"Hapo unaokoa nusu mita," alisema.

Fundi Futi akapima. Ilikuwa nusu mita na sentimita mbili. Bibi Vifungo alivua miwani akaifuta, akasema siku hizi kibanda kimepata fundi.

Mtihani ulipofika, Profesa alilala saa tatu na nusu siku zote nne, na wenzake waliokesha walimcheka. Hakuwajibu. Alijibu karatasi.

Matokeo yalisomwa mbele ya wazazi, Ijumaa saa tatu asubuhi, kwenye ukumbi wa shule wenye viti vya plastiki na feni moja inayozunguka kwa kujivuta. Bwana Nukta alipanda jukwaani na karatasi yake. Alitangaza kwamba atasoma namba za waliobaki sayansi tu, kuanzia chini kwenda juu, na ambaye namba yake haitasomwa amwone ofisini. Profesa alikuwa namba kumi na saba.

"Sitini, namba tisa," alisoma. "Sitini na moja, namba thelathini."

Fundi Futi alishika ncha mbili za futi yake. Alijua mwanawe akipona atapona hapo, kwenye sitini na kidogo, kwa tundu la sindano. Sitini na tatu. Sitini na sita. Sitini na nane, watu wawili. Kila namba iliyosomwa haikuwa kumi na saba. Bwana Nukta akafungua sabini. Imepita. Mtoto amebaki chini, na safari hii si kwa kukesha, ni kwa kulala, tena kwa amri yake. Alimtazama mkewe, mkewe alikuwa amefumba macho. Sabini na mbili. Sabini na tano. Sabini na tisa.

"Themanini na tatu, namba nne," alisoma Bwana Nukta. "Themanini na nane," akainua macho, akatafuta kwenye ukumbi, "namba kumi na saba. Wa pili darasani."

Mama Profesa alipiga kigelegele ambacho hakuna aliyejua anacho, mwanamke yule mpole wa mashuka. Fundi Futi alipigapiga goti la mzazi aliyekaa jirani yake, mtu asiyemjua kabisa, na mtu yule akavumilia.

Bwana Nukta akamwita Profesa mbele, akampa karatasi yake ya matokeo. Alisema katika miaka yake ya kufundisha ameona watu wakipanda, lakini kutoka arobaini na nne mpaka themanini na nane kwa muhula mmoja hajaona. Akamwomba awaeleze wenzake na wazazi alivyofanya. Kalamu zikatoka mifukoni. Mama mmoja wa mstari wa mbele hakungoja.

"Mwanangu, unaamka saa ngapi kusoma?"

"Saa kumi na mbili na nusu," alisema Profesa.

"Za jioni?"

"Za asubuhi, mama. Jua likishatoka."

Kalamu zikasimama. Mtu akacheka nyuma. Bwana Nukta akakunja uso, akauliza kama ni mzaha. Profesa alifungua mdomo, akaufunga. Aliangalia mstari wa tano, alipokaa baba yake, na Fundi Futi akaelewa kwamba mtoto anamsitiri. Angeweza kusema yote kwa sentensi moja, na hataki kumwaibisha mbele ya watu.

Fundi Futi akasimama.

"Si mzaha, mwalimu," alisema. "Mimi ni baba yake. Ni fundi wa nguo, wengine mmevaa kazi yangu hapa. Huyu mtoto hakuwahi kuwa mjinga wala mvivu. Karibu mwaka mzima nilikuwa namwamsha saa kumi. Alama zikishuka, napunguza usingizi. Zikishuka tena, napunguza tena. Alianguka hapo uwanjani kwenu, akapasuka kidevu, bado sikuona. Daktari aliniambia, nikamdharau. Alama zile mbaya mlizokuwa mnaniletea, zilikuwa zangu. Hizi alizopata leo ni zake. Kama una mtoto nyumbani unamkeshesha kwa nia njema, nia njema ninaijua, nilikuwa nayo. Mwache alale."

Kutoka upande wa wanafunzi, sauti ya msichana ikasema waziwazi, "Mama, umesikia?" na watu wakaangua kicheko, na kicheko kikageuka makofi, kuanzia nyuma kuja mbele, mpaka Bwana Nukta naye akaiweka karatasi chini ya kwapa ili apate mikono ya kupigia.

Profesa hakusubiri kuruhusiwa. Aliteremka jukwaani, akapita katikati ya viti, akaja kusimama mbele ya baba yake na karatasi ya matokeo. Fundi Futi aliipokea, lakini hakuweza kuisoma, kwa sababu machozi yalikuwa yanamtoka kama mtoto mdogo na hakuwa na nia ya kuyazuia.

"Baba, kaa chini," alinong'ona Profesa. "Watu wote wanatutazama."

"Waache watazame," alisema Fundi Futi, akamshika mabega, akamgeuza taratibu aelekee ukumbi, ili hata waliokaa nyuma kabisa wamwone vizuri.